Siku Mama Mkubwa Aliponikana

Nilifika Nyarubungo kwenye saa tano asubuhi nikakuta mlango wa mama mkubwa umefungwa kwa kamba. Kuku walikuwa wanapekua uani, jiko limepoa. Jirani aliyekuwa anaanika mihogo aliniambia watu wote wako shuleni kwenye mkutano wa kijiji, kwamba maofisa wamekuja kuandika kaya maskini ambazo zitaanza kupewa ruzuku.

Nilikuwa nimetoka Rusumo alfajiri. Kwenye buti na kiti cha nyuma nilikuwa na mchele, sukari, sabuni za mche na doti mbili za kanga. Sikuwa nimepiga simu, nilitaka nimshtukize. Nikageuza gari nikaelekea shuleni. Mpaka leo najiuliza ingekuwaje kama ningekaa tu pale uani nikawasubiri.

Mama mkubwa ni dada wa mama yangu mzazi. Mimi nilizaliwa Kirushya, wilaya ya Ngara, katika familia ya wakulima wa migomba na maharage. Mama alifariki nikiwa darasa la tatu. Baba alikwishahamia kwa mke mwingine upande wa Kibondo, na habari zake zilikuwa za kusikia tu. Mama mkubwa, ambaye alikuwa ameolewa huku Biharamulo, alikuja msibani akakaa mpaka siku ya kuanua matanga. Siku hiyo wajomba walikaa kujadili nani anichukue. Walijadili sana, kila mmoja akiwa na sababu. Mama mkubwa alikuwa anaosha vyombo. Aliacha vyombo, akaingia ndani, akafunga nguo zangu kwenye kanga, akatoka nazo.

"Huyu ni wangu," alisema. "Sisi tunaondoka."

Hakuna aliyembishia. Nadhani walishukuru.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, msichana aliyenipita miezi michache. Mume wake alikufa mwaka wa pili baada ya mimi kufika, tukabaki wanawake watatu. Mimi na dada yangu huyo tulilala kitanda kimoja, tukasoma darasa moja, tukagombana na kupatana mara nyingi kwa siku. Hesabu alizijua kuliko mimi. Mimi nilimshinda lugha. Tulipomaliza darasa la saba, majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari yakabandikwa ukutani shuleni. Langu lilikuwepo, lake halikuwepo. Alilia siku moja. Siku ya pili yake alinisaidia kushona vifungo vya sare.

Wakati ule sekondari ilikuwa ya ada, na niliyopangiwa ilikuwa ya bweni. Mama mkubwa alilima kwake mpaka saa nne, kisha akaenda kulima vibarua kwenye mashamba ya tumbaku ya watu. Kiangazi alibeba matofali. Likizo nilikuwa namkuta amekonda, mikono imekuwa kama gome la mti, na swali lake la kwanza lilikuwa hilo hilo: umekuwa wa ngapi? Nikimwambia wa tano, anasema, "Wanne hao wana nini?"

Nilisoma. Nilisoma kweli, sitaki kujivua hilo. Nikaenda chuo nikajifunza mambo ya forodha, nikaajiriwa Rusumo na kampuni ndogo ya uwakala. Nilianza kwa kukimbiza nyaraka za malori kutoka dirisha hili kwenda dirisha lile, na mvua yetu ile ya mpakani inaninyeshea. Leo nina meza yangu. Nimeolewa, tuna watoto wawili na nyumba ya vigae sakafuni, na gari, la zamani lakini linatembea. Hadithi hii nimeisimulia mara nyingi mno. Kanisani tulipokuwa tunachangia ada za watoto, niliambiwa niseme neno, nikasimama nikasema kwamba umaskini haumshindi mtu mwenye juhudi, na kwamba mimi ni yatima niliyesomeshwa na jembe. Watu walipiga makofi. Watoto wangu wakilegea kwenye masomo, nawasimulia. Hata mwanamke anayesafisha ofisi yetu nilimsimulia siku moja, naye akasema, "Hongera, dada," akaendelea kupiga deki.

Basi, mkutano. Ulikuwa kwenye uwanja wa shule ya msingi, ile ile niliyosoma. Watu wamekaa kwenye nyasi, wanawake huku, wanaume kule, na mbele wamepanga madawati ya viongozi. Hakukuwa na mahali pa kusimamisha gari pasipoonekana. Nilisimama kando ya ofisi ya walimu, nikashuka na viatu vyangu vya kazini, na kabla sijafunga mlango watu wengi walikwishageuka. Niliwaamkia wazee waliokuwa karibu, "Shikamooni," wakaitika, "Marahaba," nikakaa nyuma ya wanawake. Mama mkubwa alikuwa mstari wa tatu na dada yangu pembeni yake. Dada yangu aliniona, akamgusa mama yake. Mama mkubwa hakugeuka.

Afisa kutoka wilayani alikuwa mwanamke wa rika langu, ana daftari kubwa. Utaratibu wake ulikuwa rahisi. Anasoma jina la mkuu wa kaya, halafu wanakijiji wenyewe wanasema kama kaya hiyo ni maskini kweli, kwa sababu wao ndio wanaojuana. Wakikubali, anaandika. Wakikataa, anapita.

Nilipokaa alikuwa amesoma jina la mzee mmoja jirani yetu. Mzee huyo namfahamu tangu utoto. Alikuwa na shamba zuri kuliko la mama mkubwa, lenye maji chini, akaliuza kipande kwa kipande, na kila kipande kikaishia kwenye rubisi, pombe yetu ya ndizi. Sisi tukienda shamba alfajiri, tulikuwa tunampita amelala ukingoni mwa njia na koti lake. Sasa alikuwa amekaa mbele, kichwa chini, amevaa koti lingine la namna ile ile.

"Mnasemaje?" mwenyekiti wa kijiji aliuliza.

"Aandikwe!"

"Hana mtu," mwanamke mmoja aliongeza. "Anaishi mwenyewe na nyumba imeegemea mti."

Afisa akaandika. Hakuna aliyeuliza shamba lilienda wapi. Nilikereka, nakiri. Nilijisemea moyoni kwamba kama huyu ameandikwa, mama mkubwa atakuwa wa kwanza.

Jina lililofuata likawa la mama mkubwa.

Mwanaume mmoja akasema bila ubaya, kama mtu anayesahihisha hesabu, "Huyu nyumba yake ina bati."

Bati niliezeka mimi, miaka mitano nyuma. Nilikuwa nimeleta fundi kutoka Biharamulo mjini na tulipiga picha.

"Na ana mtoto Rusumo," akasema mwingine. "Anafanya kazi mpakani."

"Si huyo hapo nyuma amekuja na gari?"

Watu wakacheka. Vichwa vikageuka tena. Nikajikuta natabasamu, na sijui nilikuwa natabasamu nini.

Mwenyekiti akamwambia mama mkubwa asimame ajieleze. Alisimama taratibu, mkono mmoja kiunoni. Mgongo wake ulikuwa umeanza kupinda mwaka ule, nami nilikuwa nimeuona, nikamnunulia dawa ya kuchua.

"Shamba langu mnalijua," alisema. "Mnyauko ulipoingia kwenye migomba, ninyi wenyewe mlikuja kunisaidia kung'oa. Migomba niliyopanda nikiwa bibi harusi nimeikata na kuifukia kwa wiki mbili. Mwaka huu nimepanda mihogo, na kulima siwezi tena kama zamani. Nina binti nyumbani na wajukuu wawili. Bati ninalo, ni kweli. Bati halipikwi."

Watu walicheka tena, lakini kwa kumhurumia.

"Na mtoto wako?" mwenyekiti aliuliza. "Huyu wa gari?"

"Huyo si mwanangu."

Alisema hivyo, kwa sauti ya kawaida kabisa. Hakuwa ananitazama.

"Ni wa marehemu mdogo wangu. Nilimlea akakua, akaenda kwake. Ana mume na watoto wake. Mimi nilizaa mmoja, ndiye huyu hapa."

Akamwekea dada yangu mkono kichwani.

Wanawake walinong'ona. Kwetu mtoto wa dada yako ni mtoto wako, hakuna anayekuuliza ulimzaa lini. Miaka yote mama mkubwa alikuwa ananiita *mwana wanje*, mwanangu, kwa Kihangaza chetu cha Ngara ambacho pale Nyarubungo tulikizungumza sisi watatu tu, ndani ya nyumba. Sikuwahi kumsikia akiniita kingine. Nilihisi uso unawaka. Kilichonichanganya ni kwamba sikujua ni hasira au ni aibu, na kama ni aibu, ni yangu au ni yake.

Mwenyekiti alikuwa mtu wa busara, alitaka jambo liishe vizuri. Akaniita nisogee mbele.

"Binti yetu, wewe ndiye utatusaidia. Huyu mama unamtunza au humtunzi?"

Nimelifikiria swali hilo mara nyingi tangu siku ile. Jibu la kweli lilikuwa refu. Ningesema kwamba namtumia ninapokumbuka, na kwamba mwaka ule nilikumbuka mara mbili, ya pili baada ya yeye kupiga simu kuulizia homa ya mwanangu na mimi kuona haya. Ningesema kwamba ninaleta sukari na kanga, na bati niliezeka, na bado mvua ikikosekana wanalala na uji. Lakini nilikuwa nimesimama mbele ya kijiji kizima kilichoniona nikitoka pale na sanduku la bati kwenda sekondari. Nilikuwa mfano wao. Mwalimu wetu mmoja wa zamani alikuwa amekaa kwenye madawati ya mbele ananiangalia kwa fahari.

"Namtunza," nikasema. Nilitumia sauti yangu ya ofisini.

"Umesikia, mama," mwenyekiti akasema, si kwa kumsuta.

Mama mkubwa akakaa. Afisa akapiga mstari, akasoma jina lingine.

Mkutano ulipokwisha nilimfuata yule afisa. Sijui nilitaka nini. Nilimuuliza kwa nini mtu aliyekunywa shamba lake anaandikwa, na mwanamke aliyelima maisha yake yote anaachwa.

Alinitazama bila hasira. "Dada, mimi siulizi mtu amekuwaje maskini. Nikianza kuuliza hivyo hatutamaliza. Naangalia nani atakula leo na nani hatakula."

"Na juhudi?"

"Juhudi sina pa kuijaza humu," alisema, akagusa daftari. Kisha akaongeza, kwa upole ambao ulinichoma zaidi, "Lakini wewe si umesema unamtunza?"



Nilitegemea mama mkubwa angekataa kupanda gari langu. Hakukataa. Alipanda nyuma na dada yangu, akaweka mfuko wa mchele magotini kwa sababu kiti kilikuwa kimejaa, na njia nzima alikuwa ananiuliza habari za watoto. Yule mdogo bado anakohoa? Umempa asali? Na baba yao hajambo? Nikajibu yote. Mtu angetusikia angedhani tunatoka harusini.

Nyumbani alipika ugali wa muhogo na maharage. Nilimfuata jikoni nikakaa kwenye kigoda.

"Mama, leo umenikana," nikamwambia.

Aliendelea kusonga. "Pale nilikuwa naomba kitu. Mtu akiomba anasema kinachosaidia."

"Mbele za watu wote?"

"Ulitaka nikuombee faragha?" Aliufunika ugali. "Ungekaa kimya tu, mwana wanje. Au ungesema ni kweli, mimi ni wa marehemu. Si uongo. Kaburi la mama yako liko Kirushya, hata wewe unalijua."

"Ningesemaje mbele ya mwalimu wangu kwamba sikutunzi?"

"Kwa hiyo ulimjibu mwalimu."

 Ni kweli nilimjibu mwalimu. Lakini pia niliona kwamba hakunitendea haki, na hilo nililisema. Nilimwambia kwamba ninaweza kumtunza, kwamba kuanzia mwezi ule nitamtumia kila mwezi, hahitaji ruzuku ya mtu.

Akakaa chini, akanyoosha miguu. "Nakuamini," alisema. "Lakini sikiliza. Wewe una wako wa kuumwa, una wako wa kusoma. Mwezi mmoja utakwama, si kwa ubaya. Mimi nitakuwa hapa naangalia simu. Nikikupigia, naanza kutafuta sababu ya kupiga, naulizia mtoto anakohoa. Unajua kwamba nikipiga kuulizia mtoto, nusu naulizia mtoto, nusu naomba? Sipendi. Nimekuwa mtu mzima sana kwa jambo hilo. Hii ya serikali, wangekuja wakaita majina yetu wote, tukapanga foleni, tukachukua, tukaenda. Hakuna ambaye ningemshukuru."

Sikuelewa. Nilifikiri kushukuru si kazi kubwa. Nilifikiri pia, na hili sikulisema, kwamba mimi ningeona haya zaidi kwenye foleni.

Jioni dada yangu alikuwa anaosha vyombo nyuma ya nyumba, nikaenda kumsaidia kusuuza. Ndoa yake ilimshinda, akarudi kwa mama yake na mabinti wawili, mmoja darasa la saba wakati ule, mwingine la sita. Yeye ni mtu wa maneno machache. Nilimwambia kwamba mama amenisikitisha.

"Usimkasirikie," alisema. "Leo ni mara ya kwanza amenitaja mimi mbele."

"Ya kwanza vipi?"

Alisuuza sufuria muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Kisha akaniambia, bila kupandisha sauti, kwamba mwaka ule tuliomaliza darasa la saba, mimi nikiwa nimekwishaenda bweni wiki kadhaa, yalitoka majina ya chaguo la pili. Jina lake lilikuwemo. Mwalimu mkuu alikuja mwenyewe nyumbani kumwambia mama mkubwa. Mama mkubwa alimshukuru, akamkaribisha ndizi, na alipoondoka akakaa chini akamwambia binti yake kwamba hawezi wawili.

Mikono yangu ilikuwa ndani ya maji. Niliiacha humo humo.

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Mama alisema ukijua utarudi."

"Ningerudi kweli?"

"Mimi nitajuaje?" Alinitazama mara moja, akacheka kidogo. "Tulikuwa watoto."

"Lakini kwa nini mimi? Hesabu ulinishinda."

"Kwa sababu wewe hukuwa wake," dada yangu alisema. "Mimi akiniacha nyumbani, nani angemuuliza? Mtoto wake. Lakini amtoe bweni yatima wa mdogo wake ampeleke wa kumzaa? Wajomba wa Kirushya wangesema nini? Yeye mwenyewe asingelala. Alisema marehemu angemjia."

Basi, hapo ndipo kila kitu kilipovurugika kichwani mwangu, na sijakipanga tena mpaka leo. Nilikuwa nimeumia mchana kutwa kwa kuambiwa si mtoto wake. Kumbe kutokuwa mtoto wake ndiko kulikonisomesha. Juhudi zangu zilikuwepo, sikuzibuni, nilisoma kwa kibatari mpaka macho yakauma. Lakini mtu mwingine aliyekuwa na akili kama zangu, na pengine juhudi kuzidi zangu, alikuwa anasuuza sufuria mbele yangu, na zaidi ya lugha sikumshinda mahali popote. Nilimtangulia kwa wiki kadhaa tu. Na wale watu kanisani walipiga makofi.

Nilifanya jambo ambalo nilidhani ni jema. Nilimwambia dada yangu kwamba nitamchukua binti yake mmoja, nikae naye Rusumo, asome shule ile ile ya kulipia wanayosoma wanangu.

"Yupi?" aliuliza.

"Yeyote. Yule mwenye juhudi zaidi."

Maneno yalinitoka tu. Niliyasikia yakiwa tayari nje. Dada yangu aliinuka, akafuta mikono kwenye kanga.

"Mimi sichagui," alisema. "Mama alichagua, na namwona anavyokaa mpaka leo akikutaja. Chukua wote wawili au acha wote wawili."

Wote wawili kwenye shule ile nisingeweza. Nilijua hivyo na yeye alijua. Akaingia ndani, nami nikabaki na beseni.

Niliporudi Rusumo nilimwandikia mwenyekiti wa kijiji barua. Nilisema kwamba nilijibu haraka, kwamba msaada wangu si wa kutegemewa, na kwamba naomba kaya ile iangaliwe upya. Kuiandika kulinichukua siku mbili, na mume wangu aliisoma akaniuliza kama nina hakika nataka kujiandika hivyo kwenye karatasi yenye sahihi. Niliituma. Mwenyekiti alinipigia simu akasema ameipokea, ni barua ya kiungwana, lakini orodha ilikwishapelekwa wilayani na zoezi la kupitia upya halijulikani litakuwa lini. Halijafika mpaka sasa.

Yule mzee wa koti alianza kupokea. Nilikuwa na hakika kila kitu kitaishia kilabuni, na kweli sehemu iliishia huko, dada yangu aliniambia. Lakini siku moja nilipokwenda kuwatembelea nilimkuta ameketi uani kwa mama mkubwa, amekuja na mche wa sabuni na samaki wakavu kwenye gazeti. Mama mkubwa alipokea kama mtu anayepokea salamu. Mzee alipoondoka nikauliza ni nini hicho.

"Huleta kila akipata," mama mkubwa alisema. "Alipougua mwaka juzi nilikuwa nampelekea uji."

"Na wewe unapokea? Si ulisema hupendi kushukuru mtu?"

"Huyo simshukuru," alisema, kama vile nimeuliza jambo la kitoto. "Huyo ni jirani."

Nilirudi nyumbani nikimfikiria yule mlevi njia nzima, mpaka nikapita kona ya Lusahunga bila kujua na nikalazimika kugeuza gari. Nilikuwa nimemhesabia kila kipande cha shamba. Sikuwa nimewahi kujua kwamba aliugua.

Mabinti wa dada yangu wote wawili wapo sekondari ya serikali sasa, ya kata, ambayo haina ada, lakini ina hosteli, sare, madaftari na mengine yasiyokwisha. Hayo nayalipa mimi, ya wote wawili, na naelekeza moja kwa moja shuleni ili pasiwe na mtu wa kukaa akisubiri simu. Wanangu wanasoma shule ya kulipia. Hilo sijalibadilisha. Mwanzoni nilijiambia kwamba nitawahamisha wangu waende shule kama ya wenzao, iwe haki. Mume wangu akauliza, haki kwa nani? Nilikosa jibu, na kusema kweli nilifurahi kulikosa.

Mwezi uliopita dada yangu alinipigia. Binti mkubwa, yule mwenye alama nzuri, anataka kuacha shule akajifunze kushona kwa fundi mmoja Biharamulo mjini. Nilipandisha sauti. Nilisema haiwezekani, nilisema ajitume, nilisema anachezea bahati ambayo mama yake hakuipata. Nikasikia simu inakabidhiwa mtu mwingine.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwana wanje. Mbona unapiga kelele?"

Nikamweleza yote upya, kwa haraka. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Anapenda kushona," mama mkubwa alisema. "Amenishonea gauni, halina kasoro. Wewe unataka awe nani?"

Nilifungua mdomo nimjibu. Nje ya dirisha la ofisi malori yalikuwa yamepanga foleni hadi karibu na daraja, na dereva mmoja alikuwa amesimama mlangoni na nyaraka zake mkononi ananisubiri. Nilimwambia mama mkubwa kwamba nitampigia baadaye.

Sijampigia bado. Binti ameshaanza kushona.